Nyuma ya Shuka la Lodi

Jumamosi, 7 Machi 1959

Mke wangu Naliaka anasema mwanamume anayekaa jioni kuandika mambo ya mchana ni mwanamume ambaye mchana hakufanya kitu. Ana haki ya kusema. Shule ya shamba hili ina darasa moja, madirisha mawili na mwalimu mmoja, nami ndiye huyo, Dalmas Makokha, mwana wa fundi wa reli wa Nakuru. Lakini leo nimeongezewa kazi, na nataka kuiandika ingali mpya.

Mwenye shamba, ambaye sote tunamwita Lodi kwa kuwa baba yake huko Uingereza alikuwa lodi mwenye jumba na mnara, amenunua mashine ya sinema kutoka kwa rafiki yake aliyefunga shamba akarudi kwao. Pamoja na mashine alipewa filamu moja. Moja tu. Shuka lilitundikwa kati ya nguzo mbili za veranda. Wazungu walikaa upande wa viti, nasi wafanyakazi tukaruhusiwa kukaa kwenye nyasi upande wa nyuma, ambako picha inapenya kitambaa na kuonekana vizuri tu, ila imegeuka. Wanajeshi wote wa filamu hiyo wanapigana panga kwa mkono wa kushoto.

"Mwalimu," Lodi akaniita kwa Kiingereza, "waeleze watu wangu. Ni hadithi nzuri."

Nikapanda juu ya kreti ya maziwa, nikaanza kupaza sauti. Ni habari za kabaila mmoja wa nchi ya theluji, zamani za mababu zao. Ana jumba, ana farasi, ana vijiji vizima vya watu wanaolima ardhi yake. Mfalme wao anapinduliwa. Mwenye kinu cha unga, ambaye baba yake alikuwa akiwashikia wakubwa hatamu za farasi, anatajirika, na kila mkanda unapobadilishwa kabaila ana vitu vichache zaidi. Walipofika kwenye dansi nilisema ni harusi, maana wazee walikuwa wameanza kuguna kwa yale mabega wazi. Wanawake wakacheka. Sikuwahi kusikilizwa hivyo darasani, na nilijiona mtu.

Kabla ya mkanda wa mwisho Lodi alizima mashine. Alisema inatosha. Watu wakaniuliza mwisho wake ni upi, nikasema sijui, na wakati huo ilikuwa kweli.

Alhamisi, 12 Machi

Jua kali. Vumbi limeingia hata kwenye wino.

Jumamosi, 14 Machi

Filamu ileile. Odero mpishi anasema vijiko vya fedha vya Lodi vimepelekwa Nairobi kung'arishwa. Havijarudi, na sahani kubwa nazo zimevifuata. Wageni wa leo walikuwa wachache, na viti vingine vilikaa vitupu.

Jumamosi, 21 Machi

Filamu ileile, na tena bila mkanda wa mwisho. Watu hawachoki. Sasa wanamjua kabaila kama jirani yao, na mwenye kinu akitokea wanamzomea.

Tulipokuwa tukirudi, Nyakio alitembea karibu nasi. Huyu Nyakio ni mjane. Mumewe alichukuliwa wakati wa msako wa serikali na akafia kizuizini, naye akabaki na kibanda, kipande cha shamba ambacho Lodi anamwachia alime, na ng'ombe wawili. Analipa hayo yote kwa kuchuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Ndiye aliyempokea mtoto wetu mwaka jana, mvua ilipokata njia ya hospitali. Naliaka anamwita mama, nami pia.

"Huyu mzungu ana neno," Nyakio akasema. "Mtu mzima hawezi kurudia jambo moja kila Jumamosi bure. Anatafuta mahali pa kulianzia."

"Mama, ana filamu moja tu," nikamwambia.

"Angekuwa hana neno, si angetuonyesha hadi mwisho?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na mimi niliona ni ujinga wa kawaida wa watu wasiosoma. Niliona hivyo kabisa, na sioni sababu ya kujificha kwenye kitabu changu mwenyewe.

Ijumaa Kuu, 27 Machi

Lodi ameniita nyumbani kwake baada ya ibada. Nilipita sebuleni. Pale picha za babu zake zilipokuwa zimetundikwa pamebaki miraba myeupe ukutani. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Ameuza shamba. Limenunuliwa na kampuni. Kampuni haitaki watu wenye ng'ombe na vibanda ndani ya ardhi yake. Inataka vibarua wa kulala kwenye kambi na kulipwa kwa siku. Kwa hiyo wenye mashamba madogo wote wataondoka mwezi wa saba, pareto nyingi ikishachumwa. Wakijua sasa, alisema, watatawanyika kutafuta pengine, na maua yataoza shambani, na bila maua hayo hawezi hata kulipa nauli ya meli.

"Shule itabaki," akasema. "Nimewaambia habari zako. Kuna nyumba ya mabati ya mwalimu, ipo kwenye mpango wao. Naweza kukuamini, Dalmas?"

Hajawahi kuniita kwa jina. Nilisema "Yes, sir" kabla hajamaliza kuuliza. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka kama nilifikiri kwanza, na sikumbuki kufikiri.

Jumapili ya Pasaka, 29 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Mchana Lodi alitoa kondoo dume mnene kwa wafanyakazi, kwa ajili ya Pasaka. Alichinjwa nyuma ya ghala, wazee wakagawana, wanawake wakapata supu. Jioni watu walikuja sinema wameshiba na wamechangamka. Kule upande wa viti walikuwa Lodi, mzungu mmoja mzee na mkewe. Nadhani Lodi alikuwa na huzuni ya Pasaka, au whisky, maana safari hii hakuzima. Mkanda wa mwisho ukaingia.

Kabaila anatoka kwenye ngazi za jumba lake. Samani zimetolewa nje. Watu wake wote wamekusanyika uani wakiwa wamevua kofia, naye anawaambia kwa Kiingereza chepesi ambacho hata wanafunzi wangu wangekielewa: sina tena kitu cha kuwapa. Kisha inaonekana barabara, na mikokoteni, na watu wamebeba vyungu na kuku na watoto, wanakwenda. Mwenye kinu amesimama langoni anawatazama.

Nyakio akauliza kwa sauti, mbele ya wote, "Wanaenda wapi, mwalimu?"

Nilikuwa juu ya kreti, mwanga wa picha unanipiga usoni, nikaona kuwa nikisema wamefukuzwa watanisoma. Watanitazama mara moja tu na watajua habari za juzi. Ndivyo nilivyoona. Basi nikasema, "Hawaendi. Wanahamia. Kabaila amewaambia kaeni, ardhi hii ni yenu, na sasa kila mtu anakwenda kwenye kipande alichogawiwa."

Wanawake walipiga vigelegele. Wazee wakasimama. Upande wa pili wa shuka nilimsikia yule mke wa mzungu akiuliza kwa nini wanashangilia, na Lodi akasema hajui.

Jumatatu ya Pasaka, 30 Machi

Naliaka ametoka mtoni na habari iliyonikata maini. Wazee wanasema mambo yametimia. Kwao, mwenye ardhi akitaka kumkaribisha mtu akae, hasemi pembeni. Anasema mbele ya watu, na kondoo dume anachinjwa na kuliwa siku hiyohiyo, na hapo hakuna wa kurudi nyuma. Lodi ametoa kondoo. Neno limesemwa mbele ya watu, siku hiyohiyo. Ati ni mzungu wa ukoo, si kama hawa wa juzi, anajua taratibu.

Kwetu kondoo wa Pasaka ni kondoo wa Pasaka na hana neno lingine. Sikujua. Nimejiambia hivyo kutwa nzima: sikujua, sikujua. Lakini sasa najua, na bado nimekaa.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua imeanza. Filamu imeonyeshwa pamoja na mkanda wa mwisho, maana watu waliuomba kupitia kwa Odero. Nikasema kaeni. Vigelegele.

Jumanne, 7 Aprili

Nyakio alinisimamisha nje ya shule, jembe begani, tope hadi magotini. Kaka yake Waithaka anafanya kazi kituo cha misitu, huko juu kupita Bahati. Wanagawa vipande vya kulima kati ya miche, na amemwekea dada yake nafasi pamoja na malisho ya ng'ombe. Hata cheti cha kuhama amemtafutia, jambo ambalo siku hizi si dogo. Lakini bwana wa misitu anataka aende kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nafasi inapewa mwingine.

"Nilikuwa nimefunga mizigo kabla ya Pasaka," akasema. "Sasa nimefungua. Ama nimekosea? Wewe ndiye unasikia Kizungu, mwalimu. Alisema tukae, si ndiyo?"

"Ndivyo ilivyo kwenye filamu, mama."

"Basi."

Akaenda kupanda mahindi. Nilimjibu kwa ujanja, na ujanja huo ndio unaoniuma zaidi, maana hata uongo wenyewe sikuwa na ujasiri wa kuusema wote.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Kaeni. Vigelegele.

Jumatano, 15 Aprili

Pareto imetoa maua hadi bonde lote ni jeupe. Wachumaji wanatoka alfajiri na kurudi wamelowa. Kwa miaka mingi, anasema Odero, hawajawahi kuchuma kwa bidii hivi, na kwa kuimba. Wanadhani wanachuma kwao.

Lodi alipita na Landrover, akasimama kuwasikiliza. Aliniambia hajui amefanya nini kustahili watu kama hawa. Nilitazama viatu vyangu.

Ijumaa, 17 Aprili

Leo nilitoka nyumbani nimekata shauri kumwambia Nyakio kila kitu. Nilifika hadi kwenye ua wake. Alikuwa anakanda udongo kwa mikono, anakarabati ukuta wa kibanda, akanichekea: "Karibu, mwalimu, lakini sina mkono wa kukusalimia." Nikasema nimepita tu. Akanipa maziwa kwenye kibuyu. Nikanywa.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Hakukuwa na sinema, shuka limelowa. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa hakuna shule.

Jumamosi, 25 Aprili

Waithaka amekuja mwenyewe. Ametembea na tope lote hili kutoka msituni, mwanamume mrefu, koti la jeshi, bakora. Amekuja kumchukua dada yake, kwa sababu nafasi inafungwa Alhamisi. Nyakio akakataa. Wakabishana hadi majirani wakatoka, na mwishowe Nyakio akasema, "Twende kwa mwalimu. Muulize mwalimu."

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Naliaka aliwapa viti na chai.

"Dada yangu ananiambia mambo ya sinema," Waithaka akaanza. Hakuwa mkali. "Mimi sielewi sinema. Nimefanya kazi kwa wazungu wengi, na sijaona aliyetoa ardhi. Lakini wewe umesoma, na uko karibu naye. Ni kweli huyu bwana amesema watu wakae?"

"Mimi nafasiri tu, mzee."

"Nimesikia. Sikuulizi ya kufasiri." Aliweka kikombe chini. "Angekuwa dada yako wewe, aliyetoka tumbo moja na wewe, ungemwambia akae ama aende?"

Mvua ilikuwa imetulia. Naliaka alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, mtoto ambaye Nyakio alimleta duniani kwa mikono yake. Nyakio alinitazama akitabasamu, kama mtu aliyeleta shahidi wake na anajua atakachosema. Na mimi nikafikiria nyumba ya mabati. Sitasema niliwaza Lodi, au maua, au ahadi niliyompa. Niliwaza sakafu ya saruji na jiko la nje lenye paa.

"Ningemwambia akae," nikasema.

Waithaka alinishukuru. Alinipa mkono, akasema Mungu anibariki kwa kuwaangalia watu wasio na mtu. Kisha akaondoka peke yake kabla giza halijaingia. Naliaka alisema, "Umefanya vizuri kumweleza," na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Jioni kulikuwa na sinema kama kawaida. Sauti yangu haikukwama hata kidogo.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo nafasi imefungwa. Nyakio alikuwa anapalilia.

Jumamosi, 2 Mei

Kaeni.

Jumamosi, 9 Mei

Kaeni. Lodi alikaa peke yake upande wa viti. Hakuna mgeni aliyekuja, na viti vilivyobaki ni vya jikoni. Anatazama filamu ile huku amejifunika blanketi, midomo ikicheza kwa maneno anayoyajua kwa moyo. Nilikuwa nikimcheka. Sasa nikimchungulia pembeni mwa shuka naona tunafanana: kila mmoja wetu amekaa upande wake na uongo wake mmoja.

Jumapili, 17 Mei

Jana jioni mambo yaliharibika. Au yalitengenezeka, sijui niite nini.

Mkanda wa mwisho ulifika. Kabaila akatoka kwenye ngazi. Nikasema yangu, na watu, ambao siku hizi hawaningoji, wakaitikia pamoja nami, "Kaeni!" na vigelegele, na mmoja akapiga debe. Mara shuka likasogezwa, na Lodi akatokea upande wetu. Miezi yote hii hajawahi kuja upande huu. Alikuwa amelewa, lakini alisimama wima, picha ya mikokoteni inapita juu ya shati lake.

"Wewe nasema nini kwa hii watu?" akaniuliza. Hakusema Kiingereza. Alisema kile Kiswahili chake cha shambani, ili wote wasikie. "Kila siku mimi nasikia kaeni, kaeni. Nani nasema kaeni?"

Mzee mmoja akamjibu kwa furaha, akidhani anaulizwa, "Ni huyo bwana mkubwa wa sinema! Alisema watu yake wakae. Na wewe ukatupa kondoo. Asante, bwana."

Lodi alimtazama mzee, akanitazama mimi. Nikaona anaelewa polepole, kitu kimoja baada ya kingine. Akavua kofia.

"Hapana," akasema. "Hapana kaeni. Yeye nauza. Nyumba nauza, shamba nauza, farasi nauza. Hii watu nakwenda. Na mimi iko nauza. Mwezi ya saba nyinyi nakwenda. Mimi nakwenda. Kondoo ni ya Pasaka tu. Pole. Pole sana."

Mkanda uliisha, mashine ikabaki inazunguka, shuka limekuwa jeupe tupu, na sisi sote tunaonekana. Watu hawakumtazama Lodi. Walinitazama mimi juu ya kreti. Hakuna aliyenitukana. Nilingoja nitukanwe, nikashuka, nikapita katikati yao, nao wakanipisha kama anavyopishwa mtu anayebeba maji ya moto.

Nilipofika nyumbani Naliaka aliuliza neno moja tu: "Ulijua?" Nikasema nilijua tangu Ijumaa Kuu. Akaenda kulala na mtoto upande wa jiko.

Jumatano, 20 Mei

Nyakio alikwenda msituni Jumatatu, leo amerudi. Kipande chake kimepewa watu wa Kinangop, nyumba imeshainuliwa, na Waithaka amekemewa na bwana wa misitu kwa kushikilia nafasi bure. Nimeyapata haya kwa Odero. Kwangu hakuja.

Nilimkuta njiani akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilisema, "Mama, nisamehe." Alinijibu salamu ambayo sikuitoa: "Hatujambo, mwalimu." Akapita.

Ijumaa, 22 Mei

Naliaka amechukua mtoto amekwenda kwa mama yangu Bondeni, mjini Nakuru. Hakugomba. Alisema tu kwamba hawezi kukaa kwenye mistari ya pareto na kuchuma karibu na mwanamke yule. Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimebeba sanduku, na hakuna aliyetoka kumuaga kwa sababu mimi nilikuwa naye.

Jumamosi, 30 Mei

Hakuna sinema. Lodi hatoki nje. Watu wamegawanyika. Wengine wameanza kuuza kuku. Wengine wanasema yale yalikuwa maneno ya pombe, kesho yake si hakuyarudia? Lakini kondoo alichinjwa mchana, bwana akiwa na akili zake, na nyama waliila. Nyakio ni wa hao. Odero alimwambia mbele yangu asijidanganye, naye akasema, "Niende wapi sasa? Acha nishike la kondoo."

Ningeweza kumwambia kuwa la kondoo halipo. Nani angenisikiliza?

Jumatatu, 8 Juni

Mwanafunzi mmoja leo ameuliza kama habari za nabii Yona ni za kweli au nimezitia mwenyewe. Hakuwa na ufidhuli. Alitaka kujua.

Ijumaa, 19 Juni

Lodi ameondoka. Masanduku mawili na mbwa mmoja. Alisimamisha gari karibu na shule, akashusha kioo, tukatazamana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, kwa sababu uongo ulianzia kwake. Lakini yeye alikuja upande wetu, na alipoelewa watu wameamini nini akasema ukweli, japo amelewa, japo kwa Kiswahili cha kuvunja. Mimi nina Kiswahili kizima na sikusema kitu. Akaniambia nyumba ya mabati bado ni yangu. Nikasema asante, bwana. Mdomo wangu una mazoea yake.

Jumapili, 28 Juni

Nimehamia. Mvua ikipiga bati huwezi kusikia hata unachofikiri, na hiyo si hasara.

Jumamosi, 4 Julai

Meneja wa kampuni amekuja leo asubuhi na malori mawili. Ni kijana, soksi ndefu, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Aliamuru watu wote wakusanyike mbele ya jumba, akapanda ngazi pale juu, na kunionyesha nisimame chini yake.

Ni mahali palepale shuka lilipokuwa likitundikwa, ila leo ni mchana na hakuna shuka, na watu wananiona waziwazi.

Akasema, nami nikafasiri. Wenye ng'ombe na vibanda wafungashe leo. Malori yatawapeleka hadi Nakuru, na kutoka hapo kila mtu ajitafutie. Ng'ombe waswagwe kwa miguu. Vibanda vitabomolewa Jumatatu, na mazao yaliyo shambani ni ya kampuni. Wanaotaka kazi ya kibarua waje na vipande vyao vya kitambulisho, lakini si wanawake wasio na waume. Nilifasiri yote. Sikuongeza neno, sikupunguza neno, hata pale alipowaita jina baya nililifasiri, kwa sababu niliapa moyoni kwamba leo wataupata ukweli kutoka kwangu.

Nilipomaliza hakuna aliyejongea. Walisimama wakinitazama kama watu wanaongoja yaliyobaki.

Kisha Nyakio akaja mbele. Amekonda. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, amejitayarisha, sijui kwa lipi. Alisimama karibu nami, akainua uso, akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu na mwanawe:

"Mwalimu, hayo ni yake, ama ni yako?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Yeye hakuwa anacheka. Nilidhani ananisuta mbele ya watu, na ningeshukuru, maana nimengoja kusutwa tangu Mei. Nikamtazama vizuri. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anatumaini ni yangu.

"Ni yake, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akageuka, akaenda kuwafungua ng'ombe.